Uwanda wa Shira, Kilimanjaro: gari, mwendo, kichwa kuuma na baridi

Mkuu, umeuliza kama ni sawa kupanda kwa gari mpaka uwanda wa Shira ili uokoe siku, na ubebe nini kwa kulala huko juu. Naanza na gari, maana hapo ndipo safari nyingi zinapoharibikia.

Barabara ipo, inafika karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kushusha wagonjwa ni mkombozi. Kwa kupandia, hapana. Ukiamka Moshi, chini ya mita 1,000, jioni ukalala mita 3,500, mwili haujapata hata usiku mmoja wa kuzoea hewa. Jiandikishe lango la Londorossi, fuata njia ya Lemosho kwa miguu, lala kambi ya Mti Mkubwa (kama mita 2,700), kisha Shira 1 (3,500), kisha Shira 2 (kama 3,850). Ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Kwa hiyo usikubali kuunganishiwa Mti Mkubwa na Shira 2 kwa siku moja, hata kama unajisikia una nguvu.

Shira 1 hadi Shira 2 ni kama kilomita 7, mwinuko mdogo sana, na utambarare huo ndio unaowaponza watu. Miguu haichoki, basi wanakazana, wakati hewa ya pale ina kama theluthi mbili tu ya oksijeni ya pwani. Kipimo ni rahisi: ukishindwa kumaliza sentensi bila kutweta, umezidisha mwendo. Ukifika kambini usijitupe kulala. Kunywa chai, pumzika, halafu panda mita 150 au 200 juu ya kambi, kaa kidogo, ushuke.

Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kikiambatana na kichefuchefu, chakula kukataa na usingizi kupotea, usipande kambi inayofuata mpaka hali itulie. Zipo dalili mbili zisizosubiri asubuhi. Ya kwanza ni kuyumba: mwambie mtu atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, akishindwa, ubongo unavimba. Ya pili ni kutweta akiwa amekaa, na kikohozi chenye mlio wa maji kifuani. Hapo anashushwa hata kama ni saa nane usiku, na hashuki peke yake. Dawa ya Diamox husaidia mwili kuzoea hewa ya juu, kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla, lakini muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Itakukojolesha na kukutia ganzi vidoleni, usishtuke.

Sasa baridi. Shira ni kasoko la volkano iliyokufa, miti ya kuzuia upepo hakuna. Mchana jua linaunguza hata kukiwa na mawingu, kwa hiyo paka krimu mpaka masikioni na chini ya pua. Usiku kunashuka chini ya sifuri. Alfajiri utaona udongo umeinuliwa na sindano za barafu, zinavunjika chini ya buti. Saa nne zimeyeyuka, njia imekuwa tope. Mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili nyuzi 10 chini ya sifuri. Fulana ya pamba iache nyumbani, ikilowa jasho haikauki. Vaa sufu au sintetiki. Maji lita 3 hadi 4 kwa siku. Chupa ilale kichwa chini, maana barafu huanzia juu na mdomo utabaki wazi. Simu na betri lala nazo.

Jikoni, maharage hayaivi kwenye sufuria ya kawaida: pale maji huchemka kwenye nyuzi kama 87. Ulizia kama wapishi wamebeba sufuria ya presha. Na majani makavu yanayozunguka shina la senesio, mti wa huko juu mlimani, msiyachune, ndiyo koti la mti huo usiku. Moto wa kuni ni marufuku, na mlima huu umeshaungua Oktoba 2020 na Oktoba 2022.

Begi unalowakabidhi wagumu (wapagazi wa mlimani) lisizidi kilo 15. Kikomo cha mzigo wa mgumu mmoja ni kilo 20, na naye ana nguo zake za kujikinga na baridi hiyohiyo.