Kabla hujaiamini modeli yako ya mafuriko, nenda ukauone mto

Kwa miezi mitano ya shahada yangu ya uzamili nilikuwa na modeli ya mafuriko, yaani hesabu za kompyuta zinazokadiria maji yatafika wapi na kwa kimo gani, iliyotoa majibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Nayaandika haya kwa ajili yako unayeanza utafiti wa aina hii, uwe uhandisi wa maji, wa ujenzi au hisabati tumizi, kwa sababu kosa lenyewe halionekani kwenye kioo cha kompyuta. Grafu zinapendeza, msimamizi anaridhika, na wewe unaanza kuandika sura ya hitimisho.

Eneo langu lilikuwa bonde la chini la Msimbazi, Dar es Salaam. Mto huu huanzia vilima vya Pugu, hupita katikati ya jiji na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Mkazi wa Dar hahitaji kusimuliwa Jangwani huwaje masika yakikolea: barabara inafungwa, mabasi yanageuzia njiani, watu wanavuka wameshikana mikono. Desemba 2011 zaidi ya watu 40 walipoteza maisha katika mafuriko ya jiji hili, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Ndiyo maana niliichagua mada hii. Modeli ikikosea nusu mita, kuna mtu anaambiwa nyumba yake iko salama wakati haiko.

Kazi yenyewe, kwa ufupi, iko hivi. Mwendo wa maji mtoni unaelezwa na milinganyo miwili ambayo Mfaransa Saint-Venant aliitoa mwaka 1871. Wa kwanza unasema maji hayapotei: yanayoingia mahali ama yanatoka ama yanajikusanya hapo. Wa pili unahesabu nguvu zinazoyasukuma maji na zinazoyazuia. Mto wenye kona, madaraja na mitaro ya pembeni hautatuliki kwa kalamu, kwa hiyo unaligawa bonde katika seli ndogondogo, unaugawa muda katika hatua fupi, halafu kompyuta inahesabu seli moja baada ya nyingine, hatua baada ya hatua. Programu si tatizo. HEC-RAS, iliyotengenezwa na wahandisi wa jeshi la Marekani, inapakuliwa bure, na ndiyo niliyoitumia.

Tatizo ni namba moja inayoitwa n.

Hii n inatoka kwenye mlinganyo wa Manning na inaeleza mkwaruzo wa mto, yaani kiasi ambacho kitanda na kingo zake huyashika maji yasikimbie. Mtaro wa zege laini una n ya karibu 0.013. Mto wa asili ulio safi una karibu 0.03. Magugu na vichaka vikisonga, unaweza kufika 0.1. Chukua daftari tuhesabu pamoja, maana hesabu hii itakuokoa mara nyingi. Mto una upana wa mita 20, kina cha mita 2, na unateremka mita 1 katika kila mita 500. Ukiweka n ya 0.035 unapata kasi ya mita 1.8 hivi kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 72 kila sekunde. Ukiifanya n kuwa 0.07, kila kitu kinapungua nusu: maji yaleyale sasa yanahitaji kina kikubwa zaidi ili yapite.

Sasa unaona kishawishi kilipo. Modeli ikionyesha maji yako chini kuliko alama zilizopimwa, unapandisha n. Ikionyesha yako juu, unaishusha. Ni namba moja tu unayogusa, na hakuna anayekuona.

Mimi nilikuwa na alama tisa za kimo cha maji, zilizochukuliwa kwenye kuta za nyumba baada ya mafuriko. Modeli yangu ya kwanza ilikuwa chini kwa karibu sentimita 70. Nikapandisha n kutoka 0.04 hadi 0.06, kisha 0.09, kisha 0.12, na alama zote tisa zikakaa ndani ya sentimita 15. Nilifurahi sana siku ile. Nilichapisha ramani na kuibandika ukutani.

Mtahini wa ndani aliitazama, akauliza swali moja: "Mto wenye n ya 0.12 unafananaje? Umeuona?"

Sikuwa nimeuona. Nilikuwa nimepita juu yake kwa basi mara mia, lakini sikuwahi kushuka chini nikasimama ndani yake. Jumamosi iliyofuata nilikwenda, nikiwa na futikamba, leveli (kifaa cha kupimia mwinuko) ya kuazima na kijana wa kunisaidia kushika fimbo. Nilikuta kitanda cha mchanga mtupu, laini kama ufuko, hata majani hakuna. Mto kama ule hauwezi kuwa na 0.12 kwa namna yoyote.

Jirani na mto palikuwa na mama anakaanga mihogo. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mnapima nini tena, mnataka kutuwekea X?"

Ukienda bonde la Msimbazi na kifaa cha kupimia, jiandae kwa swali hilo, na ulijibu kwa heshima. Watu wa pale wameshuhudia nyumba zikichorwa alama nyekundu ya X na kisha kubomolewa. Nilimweleza kwamba mimi ni mwanafunzi na ninataka kuelewa maji hupita wapi. Akaacha karai lake, akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha mstari wa tope ukutani. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nalo kwenye faili lolote: "Maji hapa hayatoki juu. Yanarudi kutoka darajani."

Tukashuka darajani. Kwenye michoro ya ujenzi niliyoipata, uwazi wa daraja lile ulikuwa mpana na mrefu, na ndivyo nilivyouingiza kwenye modeli. Nilichokiona ni uwazi uliozibwa zaidi ya nusu: mchanga uliojikusanya chini, na juu yake matairi, chupa za plastiki, magodoro, matawi. Nilipima uwazi uliobaki pale pale. Nilirudi nyumbani, nikaishusha n hadi 0.035, nikachora daraja jinsi lilivyo, na maji upande wa juu yakapanda yenyewe hadi kwenye alama.

Unaweza kuuliza: kama majibu yalikuwa yaleyale, kuna tofauti gani? Hapa ndipo penye uzito wote wa ninachokuambia. Alama zangu tisa zote zilikuwa upande wa juu wa daraja. Nilipokwenda kutafuta alama upande wa chini, nilikuta ile modeli ya 0.12 imezidisha kimo cha maji huko kwa zaidi ya nusu mita, kwa sababu n kubwa huinua maji kila mahali, wakati kizuizi huyainua nyuma yake tu. Baya zaidi ni ushauri ambao ungetoka humo. Modeli ya kwanza ilisema kusafisha daraja hakubadilishi chochote, ila kulainisha mto kunasaidia. Modeli ya pili ilisema kinyume kabisa. Halmashauri ikikuuliza ipeleke fedha wapi, modeli hizi mbili zinaipeleka sehemu mbili tofauti, na zote mbili zinalingana na vipimo ulivyokuwa navyo.

Kwa hiyo weka mipaka ya kila kigezo kabla hujaanza kukigusa. Andika kwenye daftari, siku ya kwanza, baada ya kuuona mto: n yangu haitatoka nje ya 0.03 na 0.045. Ukijikuta unataka kuvuka mpaka huo, usiuvuke. Kuna kitu kinakosekana kwenye modeli; kitafute. Na vipimo vyako vigawe sehemu mbili: kwa sehemu moja rekebisha, nyingine ifungie kabatini usiitazame hadi mwisho. Ukirekebisha kwa alama zote, hutabaki na shahidi.

Kosa la pili lilikuwa la ardhi yenyewe. Data za mwinuko nilizoanza nazo zilipimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour, kwa siku 11, Februari 2000. Ni kazi kubwa na ya manufaa, nami naiheshimu. Lakini seli yake ni ya mita 30 hivi, na penye nyumba zilizobanana rada huona mapaa, si ardhi. Kwa hiyo mtaa mzima wa mabondeni unaonekana umeinuka kama kilima, na maji ya modeli yanauzunguka. Upande huu Dar ina bahati kuliko miji mingi: tangu 2015 mradi wa Ramani Huria umewatumia wanafunzi na wakazi wenyewe kuchora mitaa, mitaro na makalavati, na ramani ziko wazi kwa kila mtu. Tumia kazi hiyo. Kisha pima mwenyewe mikato ya mto, yaani umbo lake kutoka ukingo hadi ukingo, hata kama ni kumi tu. Mikato kumi uliyopima kwa mkono ina thamani kuliko seli elfu za rada ya angani ndani ya mto mwembamba.

Bahari nayo. Nilikuwa nimeiweka kwenye usawa wa wastani, ikatulia hapo saa 24. Mvuvi mmoja pale karibu na Selander aliniuliza kama mafuriko yangu yalikuwa ya bamvu, bahari inapojaa na kupwa sana, au ya maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo. Swali la mtaalamu. Wakati wa bamvu tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Dar hupita mita 3, na mvua ya saa moja ikikutana na maji yaliyojaa, mto hauna pa kwenda.

Upande wa hesabu zenyewe nitasema machache, kwa kuwa vitabu vyenu vinayo. Usitoe jibu lolote kabla hujaendesha modeli kwa seli za ukubwa tatu tofauti. Mimi nilitumia mita 40, 20 na 10, na kimo cha maji kiliendelea kubadilika, ila kwa hatua zilizozidi kuwa ndogo. Hapo ndipo unaweza kusema jibu linatulia. Kumbuka pia sharti la Courant, Friedrichs na Lewy la mwaka 1928: ukitumia njia ya kuhesabu moja kwa moja mbele, wimbi lisiruke seli nzima ndani ya hatua moja ya muda. Kwa maji ya kina cha mita 2 yanayokwenda mita 1.8 kwa sekunde, wimbi linasafiri kama mita 6 kwa sekunde, hivyo seli ya mita 10 inataka hatua isiyozidi sekunde 1.6. Ukipunguza seli kwa nusu, idadi yake inakuwa mara nne na hatua za muda mara mbili, kwa hiyo kazi ya saa 3 inakuwa ya siku nzima. Umeme ukikatika saa ya ishirini utatamani kulia. Iambie programu ihifadhi hali ya modeli kila baada ya muda, ili uendelee pale ulipoishia.

Na kila asubuhi, kabla ya chai, piga hesabu ya mvua. Milimita 60 juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 60,000. Je, maji yaliyotoka, yaliyonywea ardhini na yaliyobaki bondeni yanafika hapo? Hesabu hii ilinionyesha siku moja kwamba nilikuwa nimeingiza mvua ya siku kana kwamba ni ya saa.

Mtu ninayemfikiria mara kwa mara katika kazi hii ni Mwingereza Lewis Fry Richardson. Mwaka 1910, bila kompyuta, alihesabu misukumo ndani ya ukuta wa mawe wa bwawa la Aswan kwenye mto Nile, kwa kuugawa katika nukta. Vijana aliowaajiri walilipwa kwa idadi ya hesabu, na zilizokosewa hazikulipwa. Baadaye, akiwa dereva wa gari la wagonjwa Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alifanya kwa mkono utabiri wa hali ya hewa wa saa 6. Jibu lilisema kanieneo ya hewa ingebadilika kwa hektopaskali 145, jambo lisilowezekana duniani. Mwaka 1922 alilichapisha hivyo hivyo, pamoja na mahesabu yote. Watafiti waliokuja baadaye waliweza kurudi kwenye kurasa zake na kuonyesha kwamba njia yake ilikuwa nzuri. Data za kuanzia ndizo zilizokuwa na kasoro.

Nilipoyasoma hayo niliirudisha ile modeli ya 0.12 kwenye tasnifu, ikapata sura yake, na ramani zake mbili zikawekwa ubavuni mwa zile sahihi. Msimamizi alisita, kisha akakubali. Hiyo ndiyo sura ambayo wanafunzi walionifuata huniuliza zaidi.

Alama moja kati ya zile nilizofungia kabatini bado iko juu ya modeli kwa sentimita 40. Iko nyuma ya karakana moja, na ninahisi kuna mtaro unaomwaga hapo ambao haumo kwenye ramani yoyote. Vuli inaanza karibuni. Jumamosi hii ninakwenda na futikamba kuutafuta.