Chanjo ya homa ya ini B haina kirusi ndani

Wapo wanaouliza kama chanjo hii inaweza kukuambukiza homa ya ini B yenyewe. Hapana, haiwezi kukuambukiza. Chanjo ya homa ya ini B haina kirusi, ina protini moja tu ya ganda lake la nje, ile iitwayo HBsAg, inayotafutwa kwenye kipimo cha ugonjwa huu. Hutengenezwa na hamira iliyopandikizwa jeni ya protini hiyo. Marekani iliidhinisha ya kwanza ya aina hii mwaka 1986. Vinasaba vya kirusi havimo, kwa hiyo hakuna cha kuzaliana mwilini.

Mtu mzima huchomwa kwenye msuli wa bega mara tatu: leo, baada ya mwezi 1, kisha miezi 6 tangu ya kwanza. Pima kabla, maana aliyekwisha kuambukizwa haimtibu. Ukishachanjwa, usipime HBsAg kwa wiki tatu hivi: protini ya chanjo yenyewe inaweza kuonekana, ukaambiwa unaumwa bure.

Na wanaoibeba kwenda zahanati za Newala na Masasi, jamani, joto si adui pekee. Ikiganda imeharibika, kwani chumvi ya aluminiamu iliyoshika protini hujikusanya mabonge. Nyuzi 2 hadi 8, na kichupa kisigusane na barafu.