Fundi anajibu: nyumba ndogo ya mawe, mashambani Ufaransa

Barua za mwezi huu karibu zote zinataja kitu kimoja: nyumba ndogo ya mawe huko vijijini Ufaransa, imeshakarabatiwa, ina maua dirishani, na bei yake hainunui hata chumba kimoja Paris. Nimechagua chache.

Shikamoo Fundi. Mimi na mume wangu ni watu wa Bukavu, tunaishi Brussels. Tumeona nyumba Creuse, wilaya ya mashambani katikati ya Ufaransa, ukuta wa mawe wenye unene wa sentimita 60, ndani plasta nyeupe, kila kitu kipya. Dalali anasema ni kuingiza vitanda tu. Tutajuaje kama imekarabatiwa vizuri?

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kulisahau hilo neno "imekarabatiwa". Aliyepaka rangi amekarabati, na aliyeng'oa sakafu akaanza upya naye amekarabati. Cha kuuliza ni ukuta umepigwa nini: chokaa au saruji?

Mimi nimekulia Lamu, kwenye nyumba ya matumbawe na chokaa ya tanuuni, kwa hiyo hapa nitasema sana. Ukuta wa mawe wa zamani, uwe wa Lamu au wa Creuse, hauna kizuizi cha maji chini yake. Unyevu hupanda kutoka ardhini kama mafuta kwenye utambi wa kandili. Chokaa inauachia utoke kidogo kidogo. Saruji inauziba, basi unapanda juu zaidi, au unatokea upande wa ndani. Waliotembea Mji Mkongwe Zanzibar wameona kuta zilizozibwa kwa saruji: plasta inavimba, kisha inabanduka na kuondoka na vipande vya jiwe. Mawe ya Creuse ni granite, magumu kuliko matumbawe yetu, lakini kinachoyashika katikati ya ukuta mara nyingi ni udongo mtupu. Udongo ukikaa na maji miaka, unajua mwenyewe.

Kwa hiyo nendeni siku ya mvua, si siku ambayo dalali anapenda. Mkifungua mlango vuteni pumzi kabla hamjasema neno. Kama kuna mshumaa wa manukato unawaka, ombeni uzimwe. Pitisheni kiganja ukutani kwenye usawa wa goti, na nyuma ya kabati pia. Gongeni ile plasta nyeupe: ikilia kama ngoma, hiyo ni mbao za jasi zilizosimamishwa mbele ya mawe, na nyuma yake ukungu unaweza kuwa umelala raha mustarehe. Tokeni nje muangalie kama ardhi ya bustani iko juu kuliko sakafu ya ndani. Boriti za paa zichomeni kwa ncha ya kisu; unga laini ukimwagika, wadudu wapo au walikuwapo.

Halafu karatasi. Ufaransa fundi aliyefanya kazi kubwa, kama paa au kuta, anawajibika miaka 10 tangu kazi ilipopokelewa, na dhamana hiyo inamfuata mnunuzi mpya. Lakini bila risiti na cheti cha bima ya fundi mtahangaika. Muuzaji akisema "nilifanya mwenyewe wikendi", muulizeni mwaka gani: kama haijapita miaka 10, yeye mwenyewe ndiye anayewajibika, na hana bima. Punguzeni bei au ondokeni. Na kama ghala la ng'ombe limegeuzwa chumba cha kulala, mtake kuona kibali cha ujenzi kutoka ofisi ya meya.

Waashi wa kwanza wa nyumba hiyo sina shaka nao. Creuse ndiko walikotoka wanaume waliokwenda kuijenga Paris karne ya 19, wakiondoka baridi ikiisha na kurudi baridi ikianza. Mmoja wao, Martin Nadaud, aliingia hadi bungeni. Shaka yangu ni kwa aliyekuja juzi na mifuko ya saruji.

Fundi, niko Mombasa, nimestaafu. Nikinunua, je, napata kibali cha kuishi?

Hupati. Mgeni yeyote anaruhusiwa kununua, lakini hati ya nyumba haifungui mpaka. Viza ya Schengen inakupa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ukitaka kukaa zaidi, omba viza ya muda mrefu ya mgeni asiyefanya kazi, uonyeshe kipato na bima ya afya. Nyumba itakusaidia kwa jambo moja tu: utakuwa na jibu wakikuuliza utalala wapi.

Habari za kazi, Fundi. Nipo London. Wanataka nisaini mkataba wa awali wiki ijayo na nitoe asilimia 10. Nikibadili mawazo? Na hizi asilimia 8 za "notari" ni za nini, huyu si wakili tu?

Nzuri. Notari si wakili wako wala wa muuzaji. Ni afisa wa serikali, na bila yeye nyumba haihami mikono. Anachokutoza kwa nyumba ya zamani hufika asilimia 7 hadi 8 ya bei, lakini sehemu kubwa ni kodi anayokusanya kwa niaba ya serikali. Kwa nyumba ya euro 120,000, weka pembeni kama 9,000. Una haki ya kuleta notari wako mwenyewe. Wawili hao watagawana malipo yaleyale, wewe huongezi senti. Mlete.

Mkataba wa awali utauona umeandikwa *compromis de vente*. Usidanganywe na neno "awali": ukishasaini umefungwa, isipokuwa kwa mlango mmoja. Mnunuzi ana siku 10 za kughairi bila kueleza sababu, zinazohesabiwa kuanzia siku inayofuata ile barua rasmi yenye mkataba ilipoletwa kwako kwa mara ya kwanza. Ukighairi ndani ya siku hizo, fedha yako inarudi yote. Ndiyo maana malipo yanawekwa kwa notari au wakala mwenye dhamana, kamwe si mkononi mwa muuzaji, hata akiwa mzee mpole aliyekukaribisha kahawa. Kama unategemea mkopo, hakikisha mkataba unasema kwamba benki ikikataa, mauzo yanakufa. Mauzo yenyewe husainiwa miezi miwili au mitatu baadaye. Kama Kifaransa chako ni cha kuombea mkate tu, sema mapema, atafutwe mkalimani.

Shimo la choo "halikidhi viwango", imeandikwa kwenye ripoti. Muuzaji anasema limetumika miaka 40 bila tatizo.

Litakuwa tatizo lako sasa. Vijijini nyumba nyingi hazimo kwenye mtandao wa majitaka. Sheria inataka ripoti isiyozidi miaka mitatu, na kama shimo ni bovu, mnunuzi ana mwaka mmoja baada ya mauzo kulirekebisha. Mfumo mpya unagharimu maelfu ya euro. Chukua makadirio ya fundi wa huko, uyaweke mezani kabla ya kusaini, uyakate kwenye bei.

Kwenye bahasha hiyohiyo ya ripoti utakuta herufi ya matumizi ya nishati, A hadi G. Nyumba ya mawe ikipata F si ajabu. Ila kama ulipanga kuipangisha kwa mwaka mzima, fahamu kuwa G zimeshazuiwa kwa mikataba mipya tangu Januari 2025, na F zinafuata 2028.

Assalamu alaikum. Niko Muscat, wanangu wawili, wa kike na wa kiume, wamekwisha kulowea Lyon. Mirathi ya nyumba hii itakwenda kwa sheria ipi?

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Hili uliza kabla ya kununua, si baada. Ufaransa watoto hawanyimwi urithi na hawapishani kwa jinsia. Mtoto mmoja ana fungu lisiloguswa la nusu ya mali. Wawili, theluthi mbili. Watatu na zaidi, robo tatu. Kanuni ya Ulaya inayotumika tangu Agosti 2015 inakuruhusu kuandika wasia ukichagua sheria ya uraia wako. Wengi huishia kusoma hapo. Lakini Novemba 2021 Ufaransa iliongeza kifungu: kama sheria ya kigeni inayotumika haina fungu la lazima la kuwalinda watoto, na marehemu au mmoja wa watoto wake anaishi Umoja wa Ulaya, au ni raia wa huko, mtoto aliyepunjwa anaweza kudai fungu lake kutoka kwenye mali iliyoko Ufaransa. Wanao wako Lyon, basi kifungu kinaweza kukugusa. Nenda kwa notari pamoja na shehe wako, na wanao wote wawili wawepo wakisikia.

Naweza kuweka dishi na madirisha ya plastiki? Kanisa la kijiji liko hapo mbele.

Nenda kwa meya kwanza. Jirani na jengo la kihistoria lililosajiliwa, kwa kawaida ndani ya mita 500, msanifu wa serikali ndiye mwenye neno la mwisho, hata kwenye rangi ya mbao za dirisha. Kwa madirisha ya plastiki, mimi mwenyewe ningekukatalia.

Tutakuwa tunakwenda Julai na Agosti tu. Nyumba ikifungwa miezi kumi?

Kabla ya kuondoka funga maji kwenye mita, kisha fungua bomba zote zimwage maji yaliyobaki. Maji yakiganda yanapasua bomba, na utagundua yakishayeyuka. Safisha bomba la moshi kila mwaka na utunze cheti chake, bima watakiuliza. Kodi ya makazi imefutwa kwa anayeishi hapo daima, ninyi wa Julai mtailipa, pamoja na kodi ya ardhi na jengo. Acha ufunguo mmoja kwa jirani, afungue madirisha siku za jua. Wa kwangu ni bibi wa miaka themanini na kitu. Nikirudi kutoka nyumbani namletea karafuu, naye ananipa orodha ya kila gari lililosimama mlangoni kwangu.