Sungura pori: nyama ngumu, harufu kali

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nawinda sungura pori kwa kibali. Jioni nikirudi nyumbani namchuna, naloweka nyama kwenye siki hadi asubuhi, halafu naichemsha kwa moto mkali. Inatoka ngumu na harufu haiondoki. Niongeze siki au niiloweke siku mbili?

JIBU: Usiongeze siki. Ukiniuliza mimi, iache kabisa. Harufu hiyo ilianza porini, na siki haipiti mbali chini ya uso wa nyama: inakausha nje tu, ndani kunabaki vilevile.

Mnyama akishakufa, joto hubaki mwilini na bakteria wa utumboni huendelea na kazi. Ukimbeba na matumbo yake hadi jioni, tena ndani ya mfuko wa plastiki, umewapa nafasi nzuri. Toa matumbo palepale. Pasua ngozi ya tumbo kwa ncha ya kisu, makali yakitazama juu, usije ukatoboa utumbo au kibofu cha mkojo. Nyongo iondoe pamoja na kipande kidogo cha ini ilikoshikilia. Kitu kikipasuka, kata nyama iliyochafuka uitupe. Kuimwagia maji kunaweza kusambaza uchafu. Kisha mwache apigwe na upepo kivulini, na kama safari ni ndefu mweke kwenye kasha lenye barafu. Wakati wa kuchuna, nywele zisiguse nyama, na ondoa vijitezi vya kinenani na vya kuzunguka mkundu. Hivyo navyo vina harufu yake.

Hapa nisisitize: vaa glavu. Sungura wanaweza kubeba tularemia, ugonjwa wa bakteria unaoingia hata kwenye mkwaruzo mdogo wa mkono. Ukimkuta mnyama amezubaa na hakimbii, usimguse. Ukiona madoadoa meupe kwenye ini au wengu, acha kazi: hapikwi, wala mbwa hapewi. Kugandisha nyama kwenye friza hakuui bakteria hao. Kuiva vizuri ndiko kunakowaua, joto la ndani lifike nyuzi 74 za Selsiasi.

Sasa ugumu. Saa chache baada ya kufa misuli hukakamaa, na nyama ikipikwa katika hali hiyo hutafuni. Inaelekea ndicho kinachokupata. Iweke kwenye friji, chini ya nyuzi 4, siku moja hadi tatu, imefunikwa lakini isiogelee kwenye damu yake. Usiku wa mwisho iloweke kwenye maji yenye gramu 50 za chumvi kwa kila lita moja. Chumvi, tofauti na siki, huingia ndani polepole na kuisaidia nyama isipoteze maji jikoni. Kabla ya hapo menya ule utando mweupe unaong'aa juu ya minofu, na papasa kwa kidole palipopigwa: marisawa, yaani vidonge vidogo vya risasi, yatoe yote, na nyama iliyovilia damu kando yake ikate.

Moto mkali nao uache. Sungura pori hana mafuta ya kumlinda, na miguu yake imejaa tishu ngumu ambazo hulainika kwa muda mrefu. Kaanga vipande kwa mafuta mpaka vibadilike rangi, ongeza maji kidogo, funika, moto uwe mdogo kiasi kwamba mchuzi unatikisika tu bila kutokota. Mnofu wa mgongo uutoe mapema, ukishafika zile nyuzi 74, maana ukikaa muda sawa na mapaja unakuwa mkavu. Mapaja ya sungura mzee yanataka saa mbili, pengine tatu. Kijana huiva kwa nusu ya muda huo. Utamtambua kabla ya kumchuna, kwani sikio lake huchanika kirahisi ukilivuta na kucha zake bado zimechongoka.