Kodi ya Miezi Sita Si Pesa ya Leo: Niliyoyaona Nikiwa Mama Mwenye Nyumba Nkuhungu

Wiki iliyopita kijana mmoja, mtumishi wa halmashauri aliyeko Kondoa, aliniandikia ujumbe mrefu ulioanza kwa "Shikamoo Mwalimu" na kuishia kwa hesabu. Amenunua kiwanja Nzuguni, hapa Dodoma, amepata mkopo wa mshahara, na anakusudia kujenga nyumba nne ndogo za kupangisha, kila moja ikiwa na chumba, sebule na choo chake ndani. Hesabu yake ilikuwa ya mstari mmoja tu: nyumba nne, mara shilingi 150,000, mara miezi 12, sawasawa na shilingi 7,200,000 kwa mwaka. Chini yake aliandika, "Nyumba itajilipa yenyewe, au siyo?"

Niliusoma ujumbe ule mara mbili, kisha nikaenda kabatini kuitafuta karatasi yangu ya mwaka 2018. Hesabu ilikuwa ileile, hadi sifuri ya mwisho. Tofauti ni kwamba mimi ninafundisha utunzaji wa hesabu kidato cha tatu na cha nne, na kila mwaka ninawakata alama wanafunzi wanaosahau kuandika upande wa matumizi.

Wenzangu mliokuwapo Dodoma wakati ule mnakumbuka hali ilivyokuwa. Serikali ilikuwa imetangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli, mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018, na katika chumba cha walimu hapakuwa na mazungumzo mengine ila viwanja. Kila mtu alikuwa na shemeji yake wizarani anayetafuta nyumba. Nami nilikopa, nikajenga Nkuhungu. Habari za ujenzi wenyewe nitaziruka, kwa kuwa aliyejenga anazijua na asiyejenga hataziamini.

Wapangaji wa kwanza waliingia Machi 2019. Wawili walinilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, maana yake niliondoka pale na shilingi 1,800,000, na kwa mtu aliyezoea kupokea mshahara uliokwisha kukatwa, fedha ile ilinipanda kichwani. Nilinunua seti ya makochi. Nililipa ada ya mtoto kabla ya muhula kufunguliwa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, na mume wangu akaanza kuniita "bosi" mbele ya wageni. Ilipofika Mei sikuwa na hata shilingi moja ya kodi ile, ilhali wapangaji wale walikuwa bado na miezi minne ndani ya nyumba yangu, wakitumia maji, vitasa na choo.

Hapo ndipo kosa la wengi wetu lilipo. Kodi inayolipwa kwa mkupuo huonekana kama mavuno, kumbe ni posho ya miezi sita iliyotangulizwa, na nyumba itadai sehemu yake kila mwezi iwe umebakiza au hukubakiza. Mwaka ule wa kwanza nyumba mbili zilikaa tupu miezi mitatu mitatu, kwa hiyo nikapata shilingi 6,300,000 badala ya zile 7,200,000 za kwenye karatasi. Ukitoa maji, gari la kunyonya majitaka, rangi, mafundi na asilimia 10 ya kodi hiyo inayokwenda Mamlaka ya Mapato, nilibaki na shilingi 4,086,000. Makato ya mkopo yalikuwa shilingi 395,000 kila mwezi, yaani shilingi 4,740,000 kwa mwaka. Nyumba iliyosemwa itajilipa yenyewe ilinila shilingi 654,000 za mshahara wangu, na makochi juu.

Niseme kuhusu maji, kwa sababu Dodoma maji ni habari ya pekee. Nilikuwa na mita moja kwa nyumba zote nne, na tangi la lita 2,000 juu ya mnara. Kwa kuwa maji yalikuja kwa zamu, na mara nyingi usiku, hakuna aliyeona kwamba boya la ndani ya tangi, lile linalofunga maji likijaa, lilikuwa limekatika mkono. Maji yalijaa, yakamwagika kimyakimya nyuma ya ukuta hadi alfajiri, zamu baada ya zamu, mwezi mzima. Nilikuja kuligundua nilipoona pale nyuma pameota majani mabichi mwezi wa Agosti, wakati ambapo hapa kwetu hata mbuzi wanakula makaratasi. Ankara ya mwezi ule ilikuwa shilingi 186,000. Boya jipya lilikuwa shilingi 15,000. Tangu siku hiyo nimeweka mita ndogo kwa kila nyumba, na mimi mwenyewe hupanda ngazi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nikiwa na kanga kiunoni, majirani wakicheka.

Kuhusu madalali nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Kwa desturi ya hapa mpangaji ndiye anayemlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, na kwa hiyo mwenye nyumba mgeni hudhani kwamba dalali hamgharimu chochote. Fikiria tena. Dalali hapati kitu mpangaji anapokaa. Hupata mpangaji anapohama. Aliyeniletea wapangaji wawili wa mwanzo ndiye huyohuyo aliyewapigia simu mkataba ulipokaribia kwisha, akawaambia kuna nyumba mpya Ilazo zenye marumaru, na akalipwa mara ya pili kwa watu walewale. Kila mpangaji akihama mimi napiga rangi, nabadilisha kitasa na kukaa mwezi au miwili bila kodi. Sasa mpangaji mzuri nikimpata simwongezei kodi kirahisi, hata wenzangu wakinicheka kwamba ninaogopa. Shilingi 10,000 za nyongeza kwa mwezi ni shilingi 120,000 kwa mwaka, na hazifikii hata kodi ya mwezi mmoja wa nyumba tupu.

Gharama nyingine hamtaiona kwenye hesabu ya mtu yeyote, nayo ni ndugu. Mwaka wa pili mtoto wa mama yangu mdogo alikuja kutafuta kazi, akaomba akae katika nyumba ya nne "wiki mbili tu, dada, nijipange". Alijipanga miezi 11. Nilipomgusia habari ya kodi aliniambia kwa upole, "Dada, vumilia kidogo, na wewe Mungu amekuinua," na jioni yake mama mdogo alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli ninamfukuza mwanawe. Ni shilingi 1,650,000 zile, ambazo sikuzidai na sitazidai. Lakini sitasema kwamba hainiumi, kwa sababu aliponunua pikipiki picha aliituma kwenye kundi la familia, nami nikabonyeza alama ya pongezi kama wengine.

Serikali nayo ina yake, na haya nayapitia haraka kwa kuwa yanajulikana. Kuna kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Kuna kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi na baadaye 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Anayepaswa kuilipa ni mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo mpangaji akikukumbusha usimtolee macho. Mimi humpunguzia mhusika kwenye ankara yake ya maji.

Sasa nije kwenye mchwa. Msingi ulipokuwa umejazwa kifusi, fundi wangu aliniomba shilingi 240,000 za dawa ya mchwa kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Nilimwona mjanja. Nikamwambia, kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo, kwamba nyumba ya baba yangu Mpwapwa haikuwekewa dawa yoyote na imesimama. Fundi aliinua mabega, akaendelea na kazi.

Januari 2022, mvua zikiwa zimekolea, mpangaji wa nyumba ya pili aliniita akisema mlango haufungi. Nilipofika niliona fremu imepakwa vanishi vizuri, inang'aa, haina hata ufa. Nikaibonyeza kwa kidole gumba ili nione kama imevimba kwa unyevu. Kidole kilizama hadi kwenye kiungo, kama nimebonyeza andazi la moto, na nilipokitoa ukafuata unga wa udongo mwekundu uliomwagika juu ya kiatu changu. Ndani hapakuwa na mbao. Palikuwa na vanishi na mchwa. Tulipofungua dari tukawakuta wamekwishapanda hadi kwenye kenchi mbili, zile mbao zinazobeba paa. Mbao, fremu nne, milango, dawa niliyoikataa na fundi, jumla shilingi 1,870,000, karibu mara nane ya nilichokiokoa. Fundi aliyekuja ni yuleyule. Hakusema neno, na nadhani kunyamaza kwake kulinigharimu kuliko zile fedha.

Tangu hapo nina kaunta buku lenye jina la nyumba juu ya jalada, na akaunti ya benki ambayo kadi yake haikai kwenye pochi yangu. Mpangaji akilipa miezi sita, shilingi 900,000, siku hiyohiyo ninatenga shilingi 90,000 za Mamlaka ya Mapato na shilingi 180,000 za matengenezo na miezi mitupu. Zinabaki 630,000, nazo nazigawa kwa sita. Kwa hiyo nyumba ninayomtajia mpangaji shilingi 150,000, kwangu mimi ni ya shilingi 105,000. Kwa nyumba nne hiyo ni shilingi 420,000, na makato yalipokuwa yakiendelea faida yangu ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Ndiyo, elfu ishirini na tano. Ndugu msomaji, usione haya kuandika tarakimu ndogo ikiwa ndiyo ya kweli. Tenga kwanza, ndipo ule. Fedha ikishaingia nyumbani haitengwi tena, maana nyumbani hakuna siku isiyo na dharura, na dharura ya nyumbani ina mdomo, ila ya nyumba ya kupangisha hunyamaza kama wale mchwa.

Haya yote nilimwandikia yule kijana wa Kondoa, kwa urefu zaidi ya hapa, nikaambatanisha na picha ya kaunta buku. Alikaa kimya siku tatu, nikadhani nimemvunja moyo. Jana usiku alijibu. Hakugusia kodi, madalali wala ndugu. Aliuliza tu kama ile dawa huwekwa kabla ya kifusi au baada yake, kwa sababu fundi wake anaanza kujaza Jumatatu. Nikamwambia huwekwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa, kabla ya jamvi, na kwamba aombe ruhusa kazini siku hiyo ili aione ikimwagwa kwa macho yake.