Maswali yenu kuhusu Camille, dada wa Paris anayepiga ngoma kwa mdomo

Wiki iliyopita niliandika mistari michache tu kuhusu Camille, muimbaji wa Ufaransa, nikasema koo lake ni bendi nzima, basi maswali yakamiminika. Nimechukua yale yaliyojirudia zaidi, mengine yatasubiri.

Msomaji wa Morogoro: Nikiandika Camille kwenye simu naletewa watu kibao, huyu wako ni yupi?

Anaitwa Camille Dalmais, kazaliwa Paris mwaka 1978, ila kwenye kazi zake anatumia Camille tu, ndo maana mnapotea. Andika Camille alafu ongeza Le Fil, jina la albamu yake ya pili, utampata hapohapo. Ni mtu aliyesoma sana, kapita Sciences Po, chuo kikubwa cha siasa pale Paris. Albamu ya kwanza, Le Sac des Filles, ilitoka 2002, ni nzuri ila bado ni muziki wa kawaida, mimi naona Camille mwenyewe anaanza 2005 na hiyo Le Fil.

Msomaji wa Tabata: Nimesikiliza Le Fil, kuna mlio uko nyuma, mmmmm, hauishi toka wimbo wa kwanza. Spika yangu imekufa au faili ndo bovu?

Spika yako nzima kabisa. Nimefurahi umeusikia maana huo mlio ndo albamu yenyewe! Le Fil maana yake uzi, na uzi wenyewe ni hiyo noti moja, yaani sauti moja ya muziki isiyopanda wala kushuka, noti ya B, ameiimba akaiacha ipite chini ya nyimbo zote bila kukatika, wimbo ukiisha hupati ukimya, unabaki na uzi unakushika mkono mpaka wimbo unaofuata, na nyimbo zikiisha zote wenyewe unaendelea peke yake zaidi ya nusu saa.

Sasa fikiria ugumu aliojiwekea. Ukishalaza noti moja isiyohama, kila melodi unayoweka juu yake lazima ikae nayo kwa amani, au igombane nayo na wewe ujue kwa nini unaigombanisha, huwezi kupandisha wimbo au kuushusha unavyotaka, yaani umefungwa kamba ya mguu alafu unacheza. Nawasikia watu wanasema huyu dada anafanya vituko, jamani, vituko havina hesabu, hii ina hesabu kali na bado inakutoa machozi. Wakati nausikiliza mara ya kwanza uzi ulinisumbua dakika mbili tatu, baadaye nikausahau, kama friji inavyounguruma ndani ya nyumba husikii mpaka izime. Alafu unafika mahali wimbo unanyamaza, unaukuta upo, haukuondoka.

Ombi langu moja: usiicheze kwa kuchanganya nyimbo. Weka ya kwanza, La jeune fille aux cheveux blancs, yaani msichana mwenye nywele nyeupe, vaa earphone, acha iende. Hiyo albamu ilimpa Prix Constantin mwaka huohuo wa 2005, tuzo ya Ufaransa kwa wasanii wanaochipukia.

Msomaji wa Mombasa: Ile midundo kwenye Ta douleur ni kompyuta ama kweli ni mdomo?

Ni mdomo bwana. Kuna jamaa anaitwa Sly, wa kundi la rap la Saïan Supa Crew, huyo ni fundi wa kupiga ngoma kwa mdomo, amemsaidia sana kwenye Le Fil. Prodyuza ni MaJiKer, Mwingereza, na vyombo vya kawaida utavisikia kidogo kidogo, kama lile besi kubwa la mbao la kusimama. Kilichobaki ni Camille anarekodi sauti moja, anarudi mwanzo anaweka nyingine juu yake, ya tatu, ya nne, hii inafanya besi, ile inafanya tarumbeta, nyingine inapumua tu, mpaka mtu mmoja anageuka kwaya. Na kwenye Ta douleur, wimbo unaoongea na maumivu ya mtu kama mgeni asiyealikwa, anatoa hadi ule mlio wa midomo ya mtoto mdogo, prrrrr, na unakaa kwenye mdundo sawasawa kabisa, haukuja kuchekesha watu.

2008 akaja na albamu ya Music Hole, hapo akaongeza mwili mzima, makofi, kifua, mapaja, na kuna wimbo wa mbwa na paka, Cats and Dogs, ambao humo ndani wanabweka na kulia nyau kweli. Sisi tuliokulia kwenye vigelegele na makofi ya harusini tunaielewa hii upesi kuliko tunavyodhani. Ila nikiri kwangu Music Hole haifiki Le Fil, michezo ni mingi, kuna sehemu natamani atulie.

Msomaji wa Goma: Miye Kifaransa najua, lakini Ilo Veyou ni luga gani?

Ni I love you, kahamisha nafasi kati ya maneno tu! Hiyo ni albamu ya 2011. Anapenda sana kuchezea maneno, Music Hole ameipindisha kutoka music hall, zile kumbi za burudani za zamani, na ile ya 2017 ameiandika OUÏ, na vile vidoti viwili juu ya i, wewe wa Goma utaiona haraka, ni oui ya kukubali na ouïe ya kusikia zimekaa kwenye neno moja. Nyie msiojua Kifaransa msiogope, yeye anashika neno kwanza kama sauti, maana inakuja nyuma.

Msomaji wa Arusha: Ni kweli ndo kaimba ule wimbo wa katuni ya panya mpishi?

Kweli. Ratatouille, 2007, wimbo unaitwa Le Festin, umetungwa na Michael Giacchino. Umemsikia miaka yote hiyo bila kumjua jina.

Msomaji wa Nairobi: Niliskia ameshinda Oscar, ya nini sasa?

Ya wimbo bora, Machi 2025, wimbo El Mal kwenye filamu ya Emilia Pérez ya mwongozaji Mfaransa Jacques Audiard. Muziki wa filamu kautunga na mwenzi wake Clément Ducol, na Audiard mwenyewe yumo kwenye maneno ya El Mal. Kwenye filamu anayeuimba ni Zoe Saldaña. Filamu ilipigwa maneno mengi hasa na watu wa Meksiko, kwamba imechukua vidonda vyao vya watu waliopotezwa na magenge ya dawa za kulevya ikafanya maonyesho, na mimi nawaelewa kabisa, maumivu yale ni yao. Muziki wake ukiusikiliza peke yake utamkuta Camille yuleyule, watu wanaongea, mara maongezi yanashika mdundo, mara yamekuwa wimbo na hujui mpaka ulivukwa saa ngapi.

Msomaji wa Iringa: Mimi nafundisha kwaya ya vijana, hatuna hata kinanda. Naweza kuchukua chochote kwake?

Swali lako nimelipenda kuliko yote. Chukua uzi. Chagua noti moja ambayo besi na soprano wote wanaifikia bila kukamua koo, kila mtu kwenye oktavu yake, yaani noti ileile ila juu au chini kulingana na sauti yake, midomo imefungwa, waishike dakika tano bila kukatika. Alafu mmoja aimbe juu yake wimbo wowote mnaoujua, polepole, mtasikia wenyewe mahali unapolala vizuri na mahali unapochoma, na hapo panapochoma msipakimbie, rudieni. Pumzi wapokezane, mmoja akivuta jirani yake anaendelea, na waambie wafumbe macho, maana wakiangaliana watavuta pamoja na uzi utakatika.