Kabla hujarefusha foleni ya kadi ya mtandao, tafuta pakiti zinafia wapi

Juzi msomaji mmoja aliniandikia kwamba amepandisha txqueuelen, yaani urefu wa foleni ya pakiti zinazosubiri kutumwa kwenye Linux, kutoka 1000 hadi 10000, pakiti bado zinapotea, na sasa mazungumzo ya sauti yanachelewa kupita kiasi. Pigeni hesabu. Pakiti 10000 za baiti 1500 ni megabaiti 15. Kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde, foleni ya pfifo (ya kawaida, anayetangulia kuingia hutangulia kutoka) ikijaa, pakiti ya mwisho inasubiri sekunde 6. Nani atazungumza hivyo?

Jambo hili linanigusa. Kazini tulikuwa na seva iliyopoteza pakiti kila mzigo ulipopanda. Wakubwa wakaamua kadi imekufa, inunuliwe nyingine. Nikasema kadi ni nzima, nikaambiwa niache ubishi. Nikaendesha tc -s qdisc, amri inayoonyesha hesabu za qdisc, yaani foleni ya kerneli (kiini cha mfumo): dropped, yaani zilizotupwa, ni sifuri. Foleni ya kerneli haikutupa hata pakiti moja! Nikageukia ip -s link, inayoonyesha hesabu za kadi, na huko dropped ya upande wa TX (kutuma) ilikuwa inapanda huku naitazama. Pakiti zilivuka foleni salama, zikatupwa na draiva yenyewe, ile programu inayoendesha kadi.

Nikafungua msimbo wa draiva. Ringi ya kutuma, yaani orodha ya mzunguko ambamo draiva huikabidhi kadi pakiti, ilikuwa na nafasi 256. Ikijaa, draiva iliifuta pakiti na kuijibu kerneli kwamba imepokelewa. Ilitakiwa iite netif_stop_queue (kuiambia kerneli isimamishe foleni) mapema, ringi ikiwa bado na nafasi ya pakiti moja pamoja na vipande vyake vyote, kisha netif_wake_queue (kuiamsha tena) kadi inapoachia nafasi. Nikaandika hivyo. Upotevu ukakoma, kadi ni ileile. Ripoti ilipotoka, jina langu halikuwemo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ndugu zangu, someni hesabu za mashine kabla ya kugusa chochote. Angalieni tc, ip, halafu ethtool -S, inayoonyesha hesabu za draiva yenyewe. Kama ni qdisc inayotupa, hapo foleni inahusika kweli, na hata hapo jaribuni kwanza fq_codel, aina ya foleni inayozuia pakiti zisisubiri mno, iliyoingia Linux 3.5 mwaka 2012, badala ya kuongeza urefu. Kama ni draiva, hata foleni ya pakiti milioni haitawasaidia. Someni hesabu kwanza! Na ninyi mnaoandika draiva, wekeni BQL (Byte Queue Limits, kikomo cha baiti kwenye foleni). Ipo tangu Linux 3.3, nayo hupima baiti zilizomo kwenye ringi ili kadi isikabidhiwe mzigo mkubwa kuliko inavyoweza kuutuma kwa wakati.